Nilikubali Mara Saba

Mwanaidi mwanangu,

Nina hasira nawe. Nimejaribu kuanza barua hii kwa maneno mengine, nimechana karatasi mbili, hii ni ya tatu, basi na ianze na ukweli. Umeenda Hale kumuaga shangazi yako, mama yako yuko uani anakukaangia vya safari, nami nimefunga kibanda cha cherehani mchana kweupe. Wateja wanagonga, siitiki. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Tunduru kuwa hakimu. Hakimu! Mtoto wangu mimi. Mtu mwenye baba mwenye akili timamu leo angemkuta anacheza ngoma barabarani hapa Korogwe.

Jumapili, mbele ya watu waliokuja kukuaga, mjomba wako alikuuliza swali la kutafuta maongezi tu. Alisema, "Hivi mwanangu, mtu akikubali jambo mahakamani, halafu siku nyingine akaja akasema hapana, inakuwaje?" Ukajibu huku unajipakulia kachumbari: "Mjomba, akishakubali na kusaini, amekubali. Mahakama si mahali pa kubembelezana." Watu wakacheka, mjomba wako akapiga makofi. Mimi niliacha pilau langu kwenye sahani nikatoka nje. Mama yako alidhani tumbo limenichafuka.

Hilo ningelimeza. Nimemeza makubwa kuliko hilo. Lakini Jumatatu ulidhani nimekwenda sokoni kununua nyuzi, kumbe nilikuwa nimesharudi, niko kwenye mashine ya nyuma, natoboa matundu ya vifungo. Nikakusikia unamwambia mama yako: "Nimeisoma hukumu ya baba. Ilikuwa kwenye sanduku lako la bati. Mama, alikubali mwenyewe. Imeandikwa, na amesaini." Mama yako akakujibu, "Muulize baba yako." Ukasema, "Nimuulize nini tena?"

Siku tano sasa neno hilo limenikaa kooni. Nimuulize nini tena! Mtu anayekwenda kukaa kwenye kiti cha kuuliza watu, anaona hana cha kumuuliza baba yake mzazi.

Basi sitakwambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala usimwamini kila anayekuita dada. Hayo mama yako anayajua kuliko mimi na ameshayasema mara tatu. Mimi nataka kukwambia kilichomo kwenye karatasi ile, na kisichokuwamo.

Unajua kwamba tulikuwa tukiishi Kang'ata, na kwamba ulipokuwa na miaka sita mimi nilitoweka. Uliambiwa useme baba yuko Mirerani anachimba. Maskini, ulisema hivyo shuleni hadi mwalimu akakuomba umletee kipande cha tanzanaiti. Ulipofika darasa la sita mtoto mmoja akakutajia gereza, ukarudi nyumbani umevimba macho, nami nikakwambia, "Yalikuwa mambo ya ng'ombe, yameisha." Nikarudi kwenye cherehani. Hiyo ndiyo hadithi nzima niliyowahi kukupa. Miaka yote hii nimekuwa najisifu kwamba nimekukinga. Nimekukinga na nini? Nimekuacha uokote habari zangu kwenye sanduku.

Nilikuwa na rafiki, Mmaasai, jina lake Saning'o. Boma lake lilikuwa upande wa mbugani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka shamba letu. Tulifahamiana tangu sijaoa. Mimi nilimpa mabua ya mahindi baada ya mavuno, yeye alinipa samadi na maziwa, na wewe umekunywa maziwa hayo hadi ukawa na mashavu ya kubonyezwa na kila mpita njia. Mwaka ule mvua za vuli hazikuja. Saning'o akaamua kuhamisha mifugo kwenda mbali, upande wa Rufiji, kufuata majani. Ng'ombe wake wanne walikuwa dhaifu, wasingefika. Akaniletea jioni moja, akasema, "Omari, hawa watafia njiani. Kaa nao. Nikirudi tutaongea." Nikasema sawa. Hatukuandikiana. Ningeanzaje kumwambia Saning'o tuandikiane? Angenitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Sasa ng'ombe wale walikuwa na chapa ya ukoo, na mkuu wa ukoo alikuwa kaka yake, na wawili hao walikuwa hawasemezani. Kaka mtu alipohesabu mifugo iliyobaki akaona wanne hawapo, akaulizia, akaambiwa wako kwa Mzigua fulani Kang'ata. Alikuja na polisi. Aliwakuta ng'ombe kwenye zizi langu, wamenenepa kwa mabua yangu. Nikawaambia ni wa Saning'o, ameniachia. "Saning'o yuko wapi?" Yuko Rufiji. "Rufiji wapi?" Sijui. Simu yake haipatikani. Ndiyo nikatiwa pingu, mama yako amesimama na mwiko mkononi, na wewe umeshika kanga yake.

Mahakama ile unaijua, sina haja ya kuiandika. Siku ya kwanza nilisomewa shtaka la kuiba mifugo nikasema si kweli. Nilisema kwa sauti, kila mtu alisikia. Nikarudishwa rumande. Kesi ikatajwa, ikatajwa tena, ikatajwa tena, hadi siku moja karani akasema leo ni hoja za awali. Sikujua ni kitu gani. Wakili sikuwa naye. Tulikuwa watano kizimbani, kila mtu na kesi yake, na nilimsikia mwendesha mashtaka akimwambia karani, "Za leo tuzimalize kabla ya saa sita."

Wewe hilo umelisoma darasani, mimi nitakwambia linavyoonekana ukiwa upande ule wa mbao. Mwendesha mashtaka anasoma mambo ya kesi moja baada ya jingine, ili yale ambayo hayabishaniwi yaandikwe na yasihangaishe tena mashahidi. Ni jambo jema, sibishi. Kwa nini mtu atolewe kijijini kuja kuthibitisha kwamba mimi naitwa Omari? Akasoma: unaitwa Omari. Nakubali. Unaishi Kang'ata. Nakubali. Siku fulani ulikuwa nyumbani kwako. Nakubali. Ng'ombe wanne walikutwa zizini kwako. Nakubali. Wana chapa ya ukoo fulani. Nakubali. Hakuna mtu yeyote aliyekukabidhi ng'ombe hao. Nakubali. Ulikamatwa ukapelekwa kituoni. Nakubali.

Umeiona ya sita? Umeisoma, najua umeisoma, na hapo ndipo ulipofunga sanduku.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi mwenyewe. Kwetu Kang'ata, ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mbuzi aliyekula mihogo ulisikilizwa na wazee. Mlalamikaji anaongea mpaka amalize. Kila anapofika kituo, mzee anakugeukia wewe unayelalamikiwa, anakuuliza kama unakubali, nawe unasema nakubali. Unasema hivyo hata kama amekuzulia. Ni adabu, unayapokea maneno ya mwenzio ili baraza lipoe. Akishamaliza kabisa, mzee anasema, "Haya, na wewe tuambie." Hapo ndipo zamu yako. Hapo unaweza kubomoa neno kwa neno, tangu la kwanza hadi la mwisho, na hakuna hata mtu mmoja atakayekwambia mbona ulikubali. Kinyume chake, anayeanza kukanakana kabla ya zamu yake, wazee walitazamana. Walijua huyo ana lake. Mimi nimelelewa hivyo. Baba yangu alinizaba kofi nikiwa kijana kwa sababu nilimkatiza mtu barazani aliyekuwa ananisingizia kuku.

Kwa hiyo nilisimama pale nikajiona mtu mwenye adabu zangu. Nilisikia ile ya sita, ikanichoma, nikajisemea: ngoja amalize. Zamu yangu inakuja. Nitaanzia hapo hapo kwenye ya sita.

Alipomaliza, hakimu aliniuliza, "Umeelewa yote?" Nikasema nimeelewa, mheshimiwa. Akanisomea tena, harakaharaka. Akasema saini hapa. Nikasaini. Na nilisaini vizuri, mwanangu! Niliwahi kusifiwa mwandiko darasa la saba, nikasaini kwa madaha, na mkia kwenye herufi ya mwisho. Nikainua kichwa, nangoja aniambie haya, na wewe tuambie. Hakimu akaita kesi nyingine.

Niliporudishwa mahabusu nikamuuliza askari, "Zamu yangu lini?" Akasema, "Zamu ya nini? Umeshamaliza." Nikadhani ananitania.

Kesi ilipoanza kusikilizwa waliletwa mashahidi wawili tu, kaka mtu na polisi mmoja. Wengine wa kazi gani, wakati mimi nimeshakubali? Ikafika siku ya utetezi wangu. Hatimaye! Nikasimama nikasema yote, Saning'o, mabua, ukame, jioni ile. Nikaomba mahakama inipe muda Saning'o atafutwe, kwani tulisikia watu wa Rufiji wameanza kurudi. Hakimu akarudisha kurasa nyuma. Namwona hadi leo, analowesha kidole, anafunua. Akasema, "Mshtakiwa, ulishakubali kwamba hakuna mtu aliyekukabidhi ng'ombe hawa. Hii ni saini yako?" Nikasema ni yangu. "Sasa huyo shahidi aje kusema nini?"

Nikasema, "Mheshimiwa, ile ya sita si kweli. Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Akasema, "Kaa chini, mzee, utachoka."

Mzee! Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Na unajua nilifanya nini? Nilikaa. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo, kuliko hata miaka mitano aliyonipa. Nilikaa chini kama mtoto aliyeambiwa na mgeni. Ningepiga kelele, ningeshika mbao za kizimba wanitoe kwa nguvu, angalau kungekuwa na mtu mmoja pale ndani wa kujiuliza huyu ana nini. Nikakaa, nikasema asante mheshimiwa. Asante!

Labda unajiambia hakimu yule alihongwa. Hapana. Ningefurahi angekuwa amehongwa, ningekuwa na mtu wa kumchukia vizuri. Alikuwa mtu wa haki zake, hakula cha mtu, hakunitukana. Alikuwa na haraka. Alikuwa na majalada yamejaa mezani hadi yanamfika kidevuni, na yangu lilikuwa limeshajisemea lenyewe. Nilimchukia hivyo hivyo. Namchukia hadi leo, na usiniambie nisamehe, nitasamehe siku yangu ikifika.

Gerezani tulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli kabla ya mambo yake. Alikuwa na daftari la vifungu vya sheria alivyonakili kwa mkono, na wafungwa walimpelekea hukumu zao awasomee. Nikampelekea yangu. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Omari, hapa umenaswa na zile hoja za awali." Nikasema najua, sheria ndivyo ilivyo, ukikubali umekubali. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Akasema, "Nani kakwambia? Umesoma nusu." Akafungua daftari. Akanisomea kwamba kilichokubaliwa kinahesabika kimethibitishwa, isipokuwa, na hapo akainua kidole, isipokuwa kama wakati kesi inaendelea mahakama itaona haki inadai hivyo, basi inaweza kuamuru jambo hilo hilo lililokubaliwa lithibitishwe kwa ushahidi. "Yaani," Mwalimu akasema, "yule hakimu angeweza kumwambia mwendesha mashtaka: ya sita sitaichukua hivi hivi, leta mtu. Sheria ilimruhusu. Hakuhitaji kuomba ruhusa kwa yeyote."

Mwanaidi, nilikuwa nimeshaizoea sheria. Nilikuwa nimeshakubaliana nayo, kwamba ni kitu kigumu, kimenikuta, kimenivunja, basi. Siku ile nikajua sheria haikuwa ngumu. Ilikuwa imeacha nafasi ya mtu kama mimi, imeniwaza mimi kabla sijazaliwa sijui, mjinga fulani atakayesema nakubali mahali asipopaswa. Mgumu alikuwa mtu. Nilitoka pale nikaenda kwenye mabomba nikafua shati lililokuwa safi. Afadhali ningebaki bila kujua.

Rufaa? Mwalimu alinisomea hukumu ile siku za kukata rufaa zimeshapita. Tuliandika barua ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, ikaenda, sijui ilikwenda wapi.

Saning'o alirudi mwezi wa tatu wa kifungo changu. Alikuja moja kwa moja mahakamani na mavumbi yake ya safari, akasema, "Ng'ombe wale nilimpa mimi." Wakamwambia kesi imekwisha. Akaja gerezani. Mwanamume yule mrefu, sikuwahi kumwona akilia hata alipozika mtoto, alilia mbele ya askari. Akasema, "Omari, kwa nini uliwaambia sikukupa?" Mwanangu, ningemwambia nini? Ningemwambia nilikuwa na adabu? Alikufa mwaka mmoja kabla sijatoka. Kwa hiyo sina shahidi wa kukuletea. Kaka yake hakuwahi kukiri kwamba alikosea. Ukitaka karatasi, karatasi ni ile uliyoisoma, na itabaki vile vile hadi mimi na wewe tumeoza.

Najua utasema nini, nimeshakusikia ukibishana na wenzako kwenye simu. Baba, tukimruhusu kila mtu kukubali leo na kukana kesho, kesi zitaisha lini? Na aliyeibiwa je, hana haki? Anayo. Kaka yake Saning'o alikuwa na haki ya kuuliza ng'ombe wake wako wapi, na alilia kizimbani, na hakuwa anaigiza. Sikuombi uwe laini. Wako watu watakaokuja mbele yako wamekubali wakijua wanachokubali, kisha wakapata mtu wa kuwafundisha ujanja, nao utawajua, na uwafunge. Ninachosema ni kwamba ya sita ingeweza kuulizwa tena. Siku moja tu. Barua moja kwa mwenyekiti wa kijiji amlete Saning'o. Kama angekuja akasema hanijui, mimi ningebeba miaka mitano yangu kimya na wewe leo ungekuwa na haki ya kunywa chai yako bila kuniuliza kitu.

Na usidhani kila anayesema nakubali atakuwa Mzigua wa Kang'ata anayengoja zamu. Wengine watakubali kwa kuogopa suti yako. Nimeishona mwenyewe, inatisha, nakiri. Wengine watakubali kwa njaa ya rumande. Wengine hawajui Kiswahili cha mahakamani, wanakisikia kikipita juu ya vichwa vyao, wanajibu ilimradi. Utajuaje? Sijui utajuaje! Mimi ni fundi cherehani. Lakini mtu akikujibia saba mfululizo bila kusita, hata mara moja, hebu weka kalamu chini umtazame.

Nilikusudia kuishia hapo. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi kukaa. Kuna jambo moja zaidi, na hili hasira yake si kwako.

Ulikuwa kidato cha pili. Mama yule wa Manundu aliniletea kitambaa cha satini cha rangi ya maziwa, nguo ya bintiye ya harusi. Nilikuta kimekatwa vibaya, kifua kimepotea, hakuna namna ya kukirekebisha. Nikakuita. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, wewe ukasimama pale mlangoni na sare ya shule. Nikakuuliza, jana ulikuwa kibandani? Ndiyo, baba. Ulishika mkasi wangu? Ndiyo, baba. Ulichezea mezani? Ndiyo, baba. Ni wewe uliyekata kitambaa cha watu? Ukaitazama ile satini. Kisha ukasema, ndiyo, baba.

Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa hasira ambayo haikuwa ya satini, na likizo nzima nikakupeleka Mazingara kwa bibi yako, hukwenda ile ziara ya shule kwenye mapango ya Amboni uliyokuwa umeiwazia tangu mwaka uanze. Ulipopanda gari hukulia. Ulinitazama tu, kama mtu aliyekuwa na la kusema akaona muda umepita.

Wiki ile ile nilifungua daftari langu la vipimo. Vya mtoto wa mama wa Manundu vilikuwa ukurasa wa kushoto. Mimi nilikuwa nimekata kwa vipimo vya ukurasa wa kulia, vya mteja mwingine mwembamba. Nilikata mwenyewe, usiku nikiwa na usingizi, mwandiko wangu, chaki yangu. Hukukata wewe. Hukukata hata uzi.

Nilijua, Mwanaidi, na ulikuwa bado uko Mazingara. Kulikuwa na basi kila asubuhi. Ningeweza kukufuata. Nilijiambia, ah, mwenyewe alikubali.

Alikubali mwenyewe! Niliyatamka maneno hayo mimi, mtu niliyeingia gerezani kwa maneno hayo hayo, tena peke yangu, bila majalada mezani, bila mwendesha mashtaka wa kuniharakisha. Nilikuwa na muda wote duniani. Nani kakufundisha kwamba akishakubali amekubali? Chuo? Chuo kimekukuta umeshaiva. Ulifundishwa pale mlangoni, na mimi. Nimekaa siku tano nakukasirikia kwa sentensi ambayo mimi ndiye niliyeiandika mgongoni kwako kwa fimbo.

Na ulikuwa unangoja nini uliposema ndiyo, baba, mara nne? Ulikuwa unangoja nimalize ili nikuulize. Nilikulea hivyo. Usimkatize mkubwa, ngoja zamu yako. Zamu yako sikuwahi kukupa.

Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa miaka, lakini nisamehe. Sikuandika hili ili tufutiane, kwamba mimi sikukuamini na wewe hukuniamini, basi tuko sawa. Hatuko sawa. Wewe ulikuwa mtoto.

Nilitaka kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya viatu, uikute Tunduru nikiwa mbali. Nimeona huo ni woga ule ule wa kukaa chini. Nasikia sauti yako getini, unamwamkia mama wa jirani, anakuita mheshimiwa na wewe unacheka. Basi nakuletea mwenyewe. Uisome hapa, umekaa mbele yangu. Ukimaliza niulize, Mwanaidi. Niulize ya kwanza hadi ya saba, niulize na mengine ambayo hayamo kwenye hukumu. Ambalo si kweli nitakwambia si kweli hapo hapo, kabla hujafika mwisho wa sentensi.

Baba yako,
Omari